Nisalimieni Nikishafika

Kwa mtu anayejifunza upya kutembea, hakuna mji wa taabu kama mji wenye watu wenye adabu. Naishi Magomeni. Kutoka kwangu hadi dukani kwa Mangi ni mwendo ambao mtoto akitumwa sukari anarudi na chenji kabla chai haijapoa. Mimi siku hizi nikitaka kwenda, natoka mapema. Na msije mkausingizia mguu, maana mguu unajitahidi. Kinachonichelewesha ni shikamoo.

Kiharusi kilinipiga upande wa kushoto wa ubongo, na kwa kuwa upande huo ndio unaoendesha kulia, kilicholala ni kulia kote, mkono kwa mguu. Binti wa fiziotherapia ananiambia njia za zamani kichwani zimekatika, sasa ubongo unatafuta za mchepuko, na hauzioni mpaka jambo lirudiwe hadi likere. Zamani miguu ilijiendea yenyewe, mimi huku nawaza madeni. Sasa kila hatua lazima niitolee amri: nyanyua goti, peleka mbele, kisigino kitangulie, hamisha uzito. Basi niko hapo kwenye kuhamisha uzito, nusu yangu hewani, anachomoka mtu uchochoroni: “Shikamoo mzee!”

Nikisema marahaba, mguu unasahau ulikuwa unafanya nini. Nisiposema, kabla ya magharibi mtaa mzima una habari kwamba tangu nitoke hospitali najisikia. Na marahaba yenyewe ndiyo kwanza inafungua mlango. Zinafuata habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za huyo aliyeko Mwanza, na “afya vipi lakini?”, nami nimesimama kwa mguu mmoja na nusu.

Nilidhani udhaifu huu ni wangu peke yangu. Kumbe mwaka 1997 watafiti wa Sweden waliandika katika jarida la Lancet kwamba, miongoni mwa wazee waliokuwa kwenye makao ya kutunzwa, wale waliosimama kila waliposemeshwa njiani ndio walioelekea zaidi kuanguka baadaye. Kichwa kilikuwa hakimudu kazi mbili kwa wakati mmoja. Utafiti huo wangekuja kuufanyia Magomeni, wangeumaliza kabla ya adhuhuri.

Halafu kuna suala la kupeana mikono. Mkono wa kulia ukiuagiza leo, unafika kesho. Wa kushoto ndio ulioshika fimbo, kwa sababu fimbo hushikwa upande wa mguu mzima, siyo wa mgonjwa, ingawa kila mpita njia ananisahihisha kwamba nimeishika kinyume. Na hata mkono huo wa kushoto ungekuwa mtupu, ungempa nani? Mtu mzima na akili zake amnyooshee imamu mkono wa kushoto? Basi nainamisha kichwa, na nikiinamisha kichwa mwili mzima unataka kukifuata.

Huko kwenye mazoezi nako adabu ndiyo inayoniponza. Binti ana umri wa kitinda mimba wangu. Ananipa shikamoo kwa heshima zote, nami naitikia, halafu anazunguka nyuma yangu, anakunja ngumi kwenye kiuno cha suruali na kunipiga tanganyika jeki, kama askari aliyemnasa kibaka Kariakoo. “Baba, tembea.” Mbele yangu kuna vyuma viwili vya kushikilia, na mwisho wake kioo kirefu, ili nijione vizuri ninavyoaibika. Ninapokaa kitini ananiambia nisisimame mpaka pua ipite vidole vya miguu. Miaka yote nilikuwa nasimama bila kujua pua yangu iko wapi.

Kwenye ngazi sheria ni moja: kupanda, mguu mzima utangulie; kushuka, mgonjwa utangulie. Yaani panapoelekea juu anapelekwa mwenye nguvu, panapoelekea shimoni anasukumwa mnyonge. Nimemuuliza binti kama sheria hii ilitungwa na madaktari au na chama cha siasa. Akacheka, jeki haikulegea.

Wageni wa kunijulia hali wamepunguza kuleta mafuta ya nyonyo. Sasa wanaleta hadithi za kutia moyo. Anayependwa zaidi ni Wilma Rudolph, yule Mmarekani aliyeugua polio utotoni, akatembea na chuma mguuni, kisha akashinda medali tatu za dhahabu katika Olimpiki ya Roma mwaka 1960. Nampongeza kwa dhati. Lakini yeye alikuwa na miaka 20. Mimi nina presha, wajukuu, na ninachoshindania ni kufika chooni kabla ya jambo lenyewe. Roma wampeleke mwingine.

Kitu ambacho hakuna mgeni anayekigusia ni kandambili. Mguu usioweza kukunja vidole hauishiki kandambili. Ukipiga hatua, yenyewe inabaki nyuma barazani. Kwa hiyo mimi, mtu wa pwani, navaa viatu vya kamba hata kwenda kuangalia mita ya umeme. Na ndani ya kiatu cha kulia kuna kifaa cha plastiki kinachozuia wayo usining'inie, kwa hiyo kiatu hicho lazima kiwe kikubwa. Kulia namba 44, kushoto 42. Nendeni soko la Karume mkamwombe muuza mtumba awauzie kimoja kimoja, halafu mje mniambie amewajibu nini.

Barabarani siwaelezi. Mtaro hauna mfuniko, na pale penye mfuniko pameegeshwa bodaboda, na mwenye bodaboda amelala juu yake. Nikimwomba anipishe anaamka vizuri tu, na anaanza: “Shikamoo mzee, za siku?”

Binti amegundua tatizo langu, sasa kaligeuza kuwa somo. Natembea ukumbini, yeye ananitaka nihesabu kurudi nyuma kutoka 100, nikipunguza tatu tatu. Nilianza vizuri: 97, 94, 91, hapo nikasimama kabisa, mguu na hesabu vyote pamoja. Nikamwambia hesabu hizo hata nilipokuwa mzima nilikuwa sizielewi. Akasema basi tutafanya salamu, maana ndizo nitakazokutana nazo.

Mpaka nitakapofuzu, ndugu zangu wa Magomeni, naomba jambo moja. Ukiniona niko katikati ya njia, midomo inachezacheza, ujue siombi dua wala sijarukwa na akili, natoa amri. Usinisemeshe, na usinidake mkono kunivusha. Mkono huo ndio wenye fimbo. Ningoje ng'ambo. Nikishafika nikaegemea nguzo ya umeme, nisalimie utakavyo, uliza na habari za kuku. Nitajibu zote.