Namna ya Kusomea Wanyama kwa Kikapu cha Sokoni

Umechaguliwa kusoma zuolojia, na kwenye ratiba yako limo somo la aina za wanyama na mageuko yao. Wa mwaka wa pili watakuletea desa lililojaa majina ya Kilatini, wakuapie kwamba ukilikariri lote hutapata sapu. Liache. Tafuta kikapu.

Alfajiri nenda sokoni: aliyeko Mwanza aende Mwaloni Kirumba, aliyeko Dar es Salaam aende Feri. Vaa viatu usivyovionea huruma. Mpe shikamoo mama muuza samaki kabla ya kuuliza chochote, kwa kuwa yeye ameshika samaki wengi kuliko maabara yenu nzima.

Anza na kamongo. Mlaze kando ya sato, kisha ujiulize ndugu wa karibu wa kamongo ni nani: sato huyo, au mbuzi anayetafuta maganda pale nje? Macho yatasema sato. Ukoo unasema mbuzi. Kamongo ana mapafu, hupanda juu kuvuta hewa, na kinamasi kikikauka hujifukia topeni akasubiri mvua. Sisi wenye uti wa mgongo na miguu minne, mbuzi na wewe mkiwamo, tulitokana na samaki wa upande wake, wenye mapezi ya nyama na mifupa ndani. Undugu hupimwa kwa babu mnayechangia, hata kama sura zimeachana kabisa. Mhadhiri akichora mti wa ukoo ubaoni, wenzako watanakili ncha za matawi. Wewe angalia yanapokutana.

Ukishazoea kutazama hivyo, hata nyumbani hapatakuwa shwari. Mende ni jamaa wa karibu wa kamba kuliko wa tandu. Mamba yuko karibu na kuku kuliko na mjusi. Pimbi wa mawe yuko ukoo mmoja na tembo na nguva.

Sasa nunua pweza, na usimkabidhi kwa mpishi mpaka umpasue mwenyewe. Tafuta mioyo yake mitatu. Kisha kaa na jicho lake, ukae sana. Lina lenzi na pazia la kunasa mwanga kama lako, ilhali babu yenu wa pamoja hakuwa na jicho la namna hiyo; kila ukoo ulijitengenezea lake. Ushahidi umo humo humo. Nyuzi za neva kwenye jicho lako hupita mbele ya seli zinazonasa mwanga, na pale zinapotokea nje hubaki doa lisiloona. Za pweza hupita nyuma, kwa hiyo doa hilo hana. Sijui ukurasa wa kitabu unaoweza kukufundisha mageuko vizuri kuliko jicho hilo. Baada ya hapo mpike kwa nazi.

Mtihani mgumu kuliko wote ni furu. Ziwa Victoria lilikauka yapata miaka 15,000 iliyopita, na tangu lijae upya zimechipuka humo aina za furu zinazokaribia 500: wa kukwangua mwani, wa kuvunja konokono, wa kula magamba ya wenzao, hata wa kunyonya watoto kutoka kinywani mwa mama zao. Jike huchagua dume kwa rangi. Maji yakichafuka rangi hazionekani, na aina zilizokuwa mbali huanza kuchanganyika. Sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950, aliongezeka kupita kiasi miaka ya 1980, na furu wengi wakatoweka hata kabla ya kupewa jina la kisayansi. Ninakusihi usimpite furu kwa sababu ni mdogo na bei yake ni ya chini. Muulize mvuvi amemtoa kina gani, kwa nyavu gani, na kama babu yake aliwaona wa rangi nyingine. Majibu hayo ni data, yaandike.

Mmoja mhifadhi kwenye chupa ya spiriti, utie ndani kikaratasi chenye mahali, tarehe na kina alichovuliwa. Kiandike kwa penseli, wino utayeyuka.