Betri ya Sipiyu na Mizani ya Keki

Wewe unayeishi na mke, watoto na mama mkwe chini ya paa moja utanielewa. Kompyuta yetu ya mezani, Pentium 4 ya enzi za Windows XP, haiingii tena intaneti. Microsoft waliacha kuihudumia XP Aprili 2014. Lakini mke wangu, Mama Keki, ameweka humo hesabu zote za biashara yake, na habari ya kuzihamisha hataki kuisikia.

Ikaanza kusahau. Ukiiwasha asubuhi inagoma kwenye skrini nyeusi, inataka F1, na tarehe imerudi 1 Januari 2002. Risiti ya keki ya harusi ikatoka na tarehe ambayo bibi harusi mwenyewe alikuwa chekechea!

Ndani ya sipiyu, kwenye mazabodi, kuna betri ndogo ya duara, CR2032 ya volti 3, inayotunza saa na mipangilio ya bayosi umeme ukikosekana. Mashine ikiwa imechomekwa ukutani, hata ukiizima, saa hupata umeme kidogo wa soketi na betri inapumzika. Sasa hapo ndipo anapoingia Kamanda, mama mkwe wangu. Kakulia Bukoba, na radi za kule ziwani si hadithi. Kila usiku baada ya taarifa ya habari anazunguka nyumba nzima akichomoa: TV, pasi, chaja, hata redio iliyokufa zamani. Friji ilinusurika kwa kikao cha familia.

"Mama, naomba ile ya kompyuta tuiache."

"Mwanangu, radi haiombwi."

Basi Jumamosi nikanunua betri. Nikachomoa waya, nikafungua sipiyu, nikapuliza vumbi, nikabana kile kikucha cha pembeni. Ya zamani ikachomoza, mpya ikaingia, alama ya kujumlisha juu. Nikawasha, huku mwanangu wa darasa la pili, Fundi Maswali, akigongagonga Delete mpaka skrini ya bluu ya bayosi ikafunguka. Humo mausi haifanyi kazi, ni vishale vya kibodi tu. Nikaweka tarehe na saa. Halafu mpangilio wa kubuti: ilikuwa inatafuta flopi kwanza, kisha CD, hadi diski yenyewe nawe umechoka. Nikaipandisha diski juu, F10, nikakubali. Ikawaka moja kwa moja. Jamani, raha niliyoipata!

Jumatano mizani ya jikoni ikazima, unga uko nusu bakuli, oda ni ya sendofu ya jioni ileile. Mizani ile nayo inakula CR2032. Fundi Maswali ndiye aliyemwonyesha mama yake ilipo nyingine.

"Baba Nuru, mteja hangojei," nikaambiwa niliporudi, na Kamanda akatikisa kichwa kukubali. Keki ilitoka nzuri sana, lazima niseme.

Siku hizi tarehe anaijaza Fundi Maswali kabla ya kwenda shule. Jana aliweka siku yake ya kuzaliwa, akamfuata mama yake kudai keki.