Tiketi Tisa za Mkaa

Jana saa 11 jioni, mbele ya watu sita waliokuja kutoa kopi za vitambulisho, kijana wa stesheneri aliniuliza swali ambalo bado linaniwasha: "Anko, sasa hizi niziskani upande gani?"

Upande wa nyuma ulikuwa mweupe, hauna kitu. Upande wa mbele ulikuwa mkaa.

Nilikwenda pale na tiketi kumi za sinema ndani ya bahasha ya kaki. Nia ilikuwa njema: ziskaniwe zote, nizihifadhi kwenye simu na kwenye barua pepe, ili hata nyumba ikiungua niweze kuthibitisha kwamba 2018 niliiona Black Panther ingali ya moto, kwamba 2019 nilivumilia saa tatu za Avengers: Endgame bila kwenda chooni, na kwamba Vuta N'kuvute ya Amil Shivji niliilipia kiti, sikungoja mtu anitilie kwenye flashi. Shida ni kwamba tiketi hizi zinajikunja. Ukiilaza hii, ile inainuka kama ganda la muhogo lililoanikwa. Hapo ndipo wazo likanijia. Nasema lilinijia mimi, kwa sababu kijana wa watu alinikataza.

"Anko, hizi si kama risiti za EFD?" aliuliza, akiisugua moja kwa kidole gumba. "Hizi huwa hazitaki lamineshini."

Nikamcheka. Nikamweleza, kwa sauti ya kufika hadi kwa muuza chipsi, namna nyaraka zinavyotunzwa: kwanza unazinyoosha, unazifunga ndani ya plastiki hewa isiingie, ndipo unaziskani. Elimu hiyo sijui niliitoa wapi. Mama mmoja aliyeshika cheti cha kuzaliwa cha mwanawe alikuwa akiniitikia kwa kichwa, nami nikazidi kunoga. Nikazipanga mwenyewe kwa tarehe, safu tatu za tatu tatu na moja peke yake chini, kama timu inayopigwa picha na golikipa kachuchumaa mbele.

Mashine ya lamineshini haina haraka. Inameza huku taratibu, inatema kule taratibu zaidi, inakoroma kama paka aliyeshiba. Safu ya kwanza ikachungulia. Nyeusi. Wala si kuungua pembeni, wala si ukahawia: nyeusi tii, ukingo hadi ukingo. Kijana akapapasa kutafuta kitufe cha kurudisha nyuma. Mashine ile haikuwa nacho. Basi tukasimama, mimi, yeye na watu sita, tukiutazama mwaka 2019 ukiingia upande huu na kutokea upande wa pili ukiwa lami. Mama wa cheti alinyoosha mkono polepole, akakichukua cheti chake pale mezani. "Mimi nitolee kopi tu, mwanangu," alisema.

Usiku sikupata usingizi, nikasoma. Kumbe mashine inayotoa tiketi hizi haina wino hata tone. Wino umelala ndani ya karatasi yenyewe. Uso wake umepakwa rangi ambayo bado haina rangi, na pamoja nayo kemikali yenye tabia ya tindikali; viwili hivyo vimekaa kimya, bega kwa bega, kama wachumba waliokatazwa kusalimiana mbele ya wazee. Ndani ya mashine kuna mstari wa vinukta vidogo mno vinavyopata moto kwa umeme, vimesongamana kuliko meno ya kitana. Karatasi inapopita, kinukta kinachohitajika kinapata moto kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Pale kilipogusa, wachumba wanayeyuka, wanakutana, panakuwa peusi. Nimeirudia habari hiyo mara tatu na bado naiona ni ajabu: jina la filamu, namba ya kiti, bei, vyote vimeandikwa kwa kuunguza.

Sasa lamineshini inapiga joto la zaidi ya nyuzi 100, na karatasi hii huanza kusawijika hata kabla ya hapo. Kwa hiyo haikuharibika. Ilidhani imeamriwa iandike kila mahali kwa mpigo mmoja, ikatii.

Na zisingepona hata kama ningeziacha kwenye bahasha. Jua linazifuta, mafuta ya vidole yanazifuta, kitakasa mikono kinaziharibu, hata vilainishi vilivyomo kwenye plastiki laini ya zile albamu tunazouziwa tutunzie kumbukumbu vinazifuta. Hapo kicheko kilinikauka. Nalipa kiti, nalipa bisi kwa bei ya nusu kuku, halafu ushahidi ninaopewa haukuundwa udumu zaidi ya mlangoni.

Ila ile ya kumi, golikipa, ilitoka salama. Ni ya marehemu baba, ya Drive-In ya Msasani, enzi watu wanatazama filamu wakiwa ndani ya gari. Kipande cha karatasi ya waridi, kimechanwa nusu kwa mkono wa mtu wa getini, namba imepigwa kwa wino wa kweli. Baba hakuwa na mpango wa kuhifadhi chochote. Alikisahau ndani ya kitabu cha benki. Kiwanja chenyewe leo ni ubalozi wa Marekani, mahali ambapo ukisimama kupiga picha ya ukuta unajitafutia maswali. Lakini namba inasomeka. Mimi mwenye mpango nina mkaa.

Tiketi za siku hizi ni vijumba vyeusi na vyeupe vya QR, nazipiga skrinishoti. Wiki iliyopita simu ilijaa, ikanipendekezea picha zisizo na umuhimu za kufuta: ikaanza na tiketi, ikaziacha tokeni za LUKU za mwaka juzi.

Moja niliirusha kwenye kundi la familia kwa majivuno. Mke wangu akasoma: Jumatano, saa 8 mchana, viti viwili. Maelezo bado yanaendelea.

Kijana wa stesheneri ni mwaminifu. Kwa kuwa nilikwisha kulipia skani, aliskani. Asubuhi hii faili limeingia WhatsApp, limeandikwa TIKETI ZA ANKO FINAL. Mpwa wangu wa miaka sita alilifungua kabla yangu, akazihesabu zile nyeusi kwa kidole.

"Mjomba, hizi simu tisa zimeisha chaji?"

Nikamwambia ndiyo. Akaenda kutafuta waya.