Heshima kwa Pancha

Washairi wetu wamesifu karafuu, jembe, mwenge na hata mnazi usiozaa. Wasemaji wa kukodi wamesifu viti vya meza kuu. Pancha hajapata hata ubeti mmoja, ingawa sijamwona mtu aliyekwenda na baiskeli kutoka Kilosa hadi Mikumi akakosa kutembelewa naye. Mimi amenitembelea mara nyingi kuliko shemeji zangu, na kila alipokuja alikaa. Kunyamaza sasa kutakuwa utovu wa shukrani.

Tuanze na nasaba, maana mtu mwema hasifiwi bila kutajwa kwao. Mwaka 1845 Mskoti Robert William Thomson alipata hati ya uvumbuzi wa gurudumu la upepo, lakini dunia ilikuwa bado haijastahili pancha, uvumbuzi ukasahauliwa. Mwaka 1888 Mskoti mwingine, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyefanya kazi Belfast, akapata hati yake baada ya kutia upepo kwenye mpira na kuuvalisha magurudumu ya baiskeli ya miguu mitatu ya mwanawe. Matairi ya zamani yalikuwa mpira mtupu: yalivunja viuno, lakini hayakutoboka. Dunlop basi ndiye baba. Mama ni mbigili, mwenyeji wa njia zetu zote, akisaidiwa na dada yake mgunga. Mtauliza hao wawili walikutania wapi. Walikutania Ulaya, ambayo ni kata ya Wilaya ya Kilosa, na njia ya kwenda Mikumi inapita humo humo.

Fadhila zake ndogondogo nazitaja kwa kupita. Hupunguza kitambi. Hufundisha kusubiri. Huwapatanisha watu waliokuwa hawasemezani tangu Dumila, kwa kuwa mmoja ana pampu na mwenzake ana gundi. Huwapa watoto wanaotoka shule tamthilia ya bure. Ameikuza lugha yetu pia, hasa kwenye ile idara ya maneno yasiyochapwa.

Fadhila yake kuu, ambayo naomba msomaji akae vizuri ili niieleze, ni utumishi wa umma. Katika maisha yangu sijaona mtumishi kama pancha. Hakuambii uje kesho. Hasemi mtandao uko chini. Hadai barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji, wala hajawahi kuwa kwenye semina. Jumamosi yupo, Jumapili yupo, sikukuu ya Wafanyakazi anachapa kazi kuliko wafanyakazi. Anakufuata mwenyewe ulipo, na akishafika haondoki mpaka shughuli ikamilike.

Tazameni mamlaka yake. Msafara wetu wa baiskeli wa kwenda Mikumi ulikuwa na mwenyekiti mwenye filimbi na kizibao cha kung'aa, na ratiba iliyopigwa muhuri. Mwenyekiti alipiga filimbi tusimame, hakusimama mtu. Alipiga filimbi tuondoke, wakaondoka wawili. Pancha hana filimbi. Alipuliza mara moja tu, fyuuu, chini ya kalio la mweka hazina, na msafara mzima ukasimama kwa nidhamu, maana tulikuwa tumekula kiapo cha kutomwacha mtu nyuma.

Tazameni na usawa wake. Kulikuwa na kijana aliyepanda baiskeli ya bei ya kiwanja, na fundi mmoja aliyepanda Phoenix ya marehemu baba yake. Pancha hakuuliza cheo. Tena alianza na mwenye kiwanja, kwa kuwa matairi yake yalikuwa membamba, na huduma bora huanza na mwenye shida.

Lakini hapo bado sijagusa kiini. Pancha ni mkaguzi wa barabara. Njia ya Dumila, Kilosa hadi Mikumi ni kilomita 142 kwenye makaratasi, na imekuwa ikijengwa kipande kwa kipande. Wakaguzi wa kawaida huikagua ndani ya gari lenye vioo vyeusi, wakisoma simu. Pancha huikagua kwa kuigusa. Kila korongo analijua kwa jina, kila kokoto amelipima makali yake. Na matokeo ya ukaguzi hutoa papo hapo, hadharani, bila kusubiri kikao wala posho ya kujikimu.

Akishatoa matokeo, huitisha mkutano wa hadhara. Kabla ya kuingia Ulaya alituitishia mmoja chini ya mwembe. Tulikuwa tumeinamia gurudumu pale, kila mtu akitoa ushauri na hakuna aliyetoa kiraka, alipotokea mzee anasukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mnakwenda wapi na baiskeli hazina mzigo?"

Mwenyekiti akajibu kwamba tunahamasisha mazoezi.

"Aa," mzee akasema, akiyatazama magunia yake. "Mazoezi."

Kisha akafungua kifurushi chini ya tandiko. Ndani mlikuwa na msasa, gundi, na vipande vya tyubu kuukuu vilivyokatwa duara. Akaiziba tyubu yetu tukiwa bado tunabishana kuhusu picha ya kupiga. Hela alikataa. Aliomba tu tumshikie mzigo ausawazishe. Vipuri vyetu vyote, nipende kuliarifu taifa, vilikuwa kwenye gari la msaada. Gari la msaada lilikuwa limeshafika Mikumi, limepaki kivulini, na dereva wake anakunywa soda. Tyubu alizobeba zilikuwa za saizi 26. Baiskeli nyingi za msafara zilikuwa na magurudumu ya 28.

Nilikuwa nimekusudia kuendelea kwa utulivu huu huu mpaka mwisho. Siwezi. Siwezi kwa sababu nimekumbuka barabara kuu.

Ukitoka kwenye vumbi la Kilosa na kuikamata lami ya Mikumi, ile barabara ya kwenda Zambia, unadhani umefika peponi. Ndipo linakuja basi. Linapiga honi moja, wala si ya kuomba njia. Ni ya kukujulisha kwamba njia haikuwahi kuwa yako. Unaruka pembeni. Pembeni lami imemeguka kama mkate, chini yake kuna changarawe, na ndani ya changarawe kuna waya: nyuzi za chuma kutoka matairi ya malori yaliyopasuka, nyembamba, hazionekani, zinazopenya tairi la baiskeli zaidi ya mwiba wowote. Fyuuu.

Sasa niambieni, hapo nani ametoboa? Mbigili hayupo, yuko nyumbani kwake Ulaya. Ametoboa aliyechora barabara ya malori mawili kupishana na akasahau kwamba Mtanzania wa tatu anapita hapo hapo na magunia ya mkaa, au ndoo za maji, au mtoto mgonjwa nyuma kwenye kibebeo. Ametoboa dereva, na ametoboa tajiri wa basi aliyempangia saa zisizowezekana. Pancha anatukanwa yeye kwa sababu ndiye pekee anayeonekana eneo la tukio.

Mikumi tulipokelewa na mgeni rasmi. Alichelewa, tukamsamehe, alikuwa na shangingi, na shangingi lina mambo mengi. Alisema baiskeli ni afya, baiskeli ni mazingira, baiskeli ni uzalendo. Tulipiga makofi kwa mikono yenye gundi. Kisha akaondoka kwa kasi, na vumbi lake likatuhamasisha sote.

Kurudi Morogoro tulipakiwa kwenye lori pamoja na baiskeli zetu, kwa kuwa barabara kuu inakata Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50, na simba hajui maana ya kizibao cha kung'aa. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1964, na inalindwa vizuri. Kuna matuta, kuna vibao vya mwendo, kuna bango la faini kwa anayegonga mnyama, kila mnyama na bei yake kwa dola. Twiga yumo, nyati yumo, simba yumo. Dereva yule yule aliyenirusha kwenye changarawe jana yake alikuwa anapita pale polepole, mpole, mkono kwenye gia, akimwangalia nyani kwa adabu. Simtakii twiga mabaya. Nimeona tu kwamba inawezekana: dereva wa Tanzania akitajiwa bei, hupunguza mwendo. Nje ya hifadhi, mwenye baiskeli hana tuta lake, hana kibao chake, na bei yake haijapangwa.

Hakuna atakayeniambia utaalamu haupo. Katika wilaya hii hii ya Kilosa milima imetobolewa mahandaki ili treni ya umeme ya kwenda Dodoma ipite, na tangu mwaka 2024 inapita. Waliotoboa mlima hawashindwi na mita moja na nusu ya lami pembeni mwa barabara.

Kwa hiyo napendekeza pancha asifutwe kazi kabla hajapandishwa cheo. Kila ramani ya barabara isainiwe baada ya mwenye saini kwenda mwenyewe kwa baiskeli kutoka Kilosa hadi Mikumi, akiwa na gunia moja nyuma, na gari la msaada likiwa limetangulia. Kilosa na Mikumi ni majimbo mawili ya uchaguzi, kwa hiyo wabunge ni wawili, na mmoja anaweza kumshikia mwenzake pampu. Waheshimiwa, mkikosa baiskeli semeni, yangu nitawaazima. Kiraka mje nacho.