Vyungu Vinavyocheka

Mchezo wa karata wa Yu-Gi-Oh!, uliozaliwa Japani, una ukoo mzima wa karata za vyungu vyenye nyuso, na mechi nyingi zimepotezwa na watu walioamini vicheko vyao. Mkubwa wao, Pot of Greed, ana kazi moja tu: unavuta karata mbili, basi. Hulipi chochote, kwa kuwa mchezo huu hauna nishati ya kugharimia karata za aina hiyo. Matokeo yake kila mchezaji alikitaka, na kwa miaka mingi sasa kimepigwa marufuku mashindanoni. Wadogo zake wote wamekuja na bili mkononi. Ndiyo maana nashikilia kwamba karata ya kuvutia karata nyingine isipimwe kwa wingi wa inacholeta, bali kwa inachonyang'anya, na kama pakiti yako ilikuwa na haja nacho. Anayehesabu karata alizovuta tu ni kama kijana anayeposa bila kuuliza mahari: furaha yake ni ya kweli, ila kikao hakijaisha.

Tuchukue Pot of Desires. Kabla ya kuvuta mbili, unafukia karata kumi za juu, kifudifudi, na kwa kawaida hazirudi. Hapo ndipo watu hushika vichwa. Kumi! Robo nzima ya pakiti ya karata 40! Lakini mwenye kupiga kelele hivyo ajiulize: mechi ikiisha, huwa amebakiza karata ngapi ambazo hakuzigusa kabisa? Karata iliyofukiwa na karata iliyolala chini ya pakiti hadi mwisho zina faida sawa, yaani sifuri. Atanijibu, na hapa ana haki, kwamba wachezaji wa leo hawangoji bahati. Karata moja humwita mwenzake kutoka popote alipo ndani ya pakiti, na aliyefukiwa haitiki. Basi tufanye hesabu. Ukishashika tano za mwanzo zimebaki 35. Karata uliyoiweka moja tu, ikiwa bado imo humo, ina hatari ya mbili kwa saba kufukiwa. Ile uliyoweka nakala tatu, zote zikiwa bado ndani, hatari ya kuzikosa zote haifiki asilimia mbili. Kwa hiyo chungu kilekile ni zawadi kwa pakiti ya watatu watatu na ni msiba kwa pakiti iliyojaa watoto wa pekee. Tena kinaruhusiwa mara moja tu kwa zamu, kwa hiyo kuna mkosi mwingine: mtu anafukia kumi, anavuta mbili kwa mbwembwe, na mbili zenyewe ni Pot of Desires na Pot of Desires.

Pot of Extravagance kina adabu zaidi, ingawa ni adabu ya mkusanya madeni. Ili uvute mbili, kinachukua karata sita bila kuchagua kutoka pakiti ya ziada, ile ya karata 15 inayokaa kando, na kinakukataza kuvuta tena kwa njia nyingine zamu hiyo. Asiyeitegemea pakiti ya ziada hatasikia maumivu. Anayeitegemea amepoteza asilimia 40 ya silaha zake kwa hiari, huku akitabasamu.

Kuna wanaosema Upstart Goblin haina ubishi: unavuta moja, mpinzani anaongezewa pointi 1,000 za uhai juu ya 8,000 zake. Ukiweka tatu, pakiti ya 40 inakuwa kama ya 37. Sawa, lakini nafasi ya kuanza na karata yako muhimu ya nakala tatu inapanda kutoka kama asilimia 34 hadi kama 36. Kwa pakiti inayoshinda bila kugusa pointi za uhai, hizo asilimia mbili ni halali. Kwa inayoshinda kwa kupiga, umempikia adui.

Ushahidi mkubwa kuliko wote ni karata ya mende. Maxx "C" hukuvutisha karata kila mpinzani anapoita viumbe kwa njia maalumu, na bili yote inakwenda kwake: asimame au akulishe. Ilipigwa marufuku Marekani na Ulaya, huku Japani ikiendelea kuchezwa kwa miaka. Hata hivyo nayo ina mtego, maana anayetakiwa kuvuta na pakiti imekwisha ameshindwa papo hapo, kwa shibe.

Kwa hiyo, kabla hujanunua chungu chochote, mwaga pakiti yako mezani na uhesabu karata ulizoziweka mojamoja. Kama zinapita tano na ndizo zinazokushindia mechi, Pot of Desires kiache dukani.