Pikapu Iliyogoma Kutoka P

Jirani yangu hapa Area D, Dodoma, ana pikapu kuukuu ya otomatiki. Giaboksi ilipoanza kuteleza akatangaza kwamba anahamia manyuo. "Mwanaume na otomatiki wapi na wapi!" Mkewe alikuwa anasubiri hela ya gesi.

Alidhani anaoa giaboksi, kumbe anaoa ukoo mzima: pedeli ya klachi, pampu zake mbili za mafuta, flaiwili, beringi ndogo ya kwenye mkia wa krenki, tundu la kukatwa sakafuni, na propela ambayo urefu wake haukukubali, ikapelekwa kwa mchomeleaji. Kila mmoja akaja na mahari yake, pamoja na nauli ya bodaboda.

Siku ya kuwasha, ufunguo ukazungushwa. Kimya. Stata haikukohoa hata kidogo. Fundi akaingia uvunguni, akaibuka na nyaya mbili mkononi. "Mzee, gari linasubiri liambiwe liko kwenye P, ya kuegesha, ndipo liwake." Giaboksi yenyewe ilishauzwa skrepa, lakini ruhusa yake bado inatafutwa! Nyaya zikaungwa, likanguruma.

Nami nisimcheke sana. Mji huu uliamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na safari yenyewe ya serikali ikaja kushika kasi 2016. Miaka 43 kwenye P, mpaka akatokea wa kuunga nyaya.

Sasa jirani anajifunza klachi. Linamzimikia getini kila asubuhi. Mwalimu wake ni mkewe.