Karatasi Haina wa Kusingiziwa

Mtu akishindwa kazi hakosi pa kuutupia mzigo. Seremala atasema mbao ilikuwa mbichi, mpishi atasema mkaa ulikuwa mbovu, kipa atasema jua lilimpiga machoni. Ni utaratibu mzuri, umetulea, na mimi nimeutumia tangu shule ya msingi bila kuvunjiwa heshima. Kisha nikahamia Osaka, nikakutana na origami, sanaa ya Wajapani ya kukunja karatasi. Karatasi moja ya mraba, vidole kumi, basi. Hakuna mkasi, hakuna gundi, hakuna saidia fundi. Mambo yakiharibika, mko wawili tu, na mmoja wenu ni karatasi.

Iliyoniingiza humo ni shule. Wanafunzi wa darasa la sita katika shule nyingi za Osaka huenda ziara Hiroshima, na kabla ya safari hukunja korongo elfu moja wa karatasi, wakawatunga kwenye nyuzi na kuwapeleka kwenye Mnara wa Amani wa Watoto. Mnara huo ulizinduliwa mwaka 1958 kwa kumkumbuka Sadako Sasaki, aliyekuwa na miaka miwili bomu la atomiki lilipoanguka, akaugua saratani ya damu, akafariki mwaka 1955 akiwa na miaka 12. Hospitalini alikuwa akikunja korongo, maana Wajapani husema akunjaye elfu hujaliwa haja yake. Jambo kama hilo halikataliwi. Binti yetu Zuhura alipokuja na pakiti ya karatasi za rangi, akasema kila nyumba isaidie, nilikunja mikono ya shati nikamwambia alete. Ile mikono ya shati ndiyo kitu cha mwisho nilichokikunja vizuri jioni hiyo.

Korongo huanza kwa upole. Unakunja pembe kwa pembe, unafungua, unakunja tena, mpaka unabaki na mraba mdogo wenye tabaka. Halafu inafika hatua moja: unashika ncha ya tabaka la juu, unaivuta kwenda juu, na kingo za pembeni zinatakiwa ziingie ndani zenyewe na kulala, libaki umbo refu la almasi. Kwa Zuhura ziliingia. Kwangu ukingo mmoja uliingia, wa pili ukatoka nje kuangalia wageni. Nikaulazimisha, karatasi ikachanika mahali ambapo baadaye nilielezwa kuwa ni shingo. Nikaendelea hivyo hivyo, nikamsimamisha ndege wangu mezani. Zuhura akamzunguka.

"Baba, huyu kuku."

Mama yake akaitwa aje kuamua. Naye akauliza kichwa kiko upande gani.

Nikafungua utetezi. Kwanza, karatasi si mraba kamili. Binti akaleta rula: sentimita 15 huku, 15 kule. Basi ni ndogo mno kwa mikono ya mtu mzima. Akanijibu, kwa sauti ileile ya mwalimu wake, kwamba Sadako alikunja hata vikaratasi vya kufungia dawa. Hapo nilinyamaza kwa adabu.

Nikahamia kwenye maelekezo. Yako kwa Kijapani, nikasema, na Kijapani changu kinaishia kituo cha treni. Zuhura akanisogezea mwongozo: hakukuwa na neno lolote la lazima. Ni michoro, mishale, mistari ya vipandevipande kwa mkunjo wa kuja kwako, na ya vipande na nukta kwa mkunjo wa kwenda nyuma. Mtindo huo umetokana na mzee Akira Yoshizawa, aliyeutumia katika kitabu chake cha mwaka 1954, na leo Mfaransa na Mjapani wanakunja kutoka mchoro mmoja bila mkalimani. Yaani kuna mtu alikaa chini akaniondolea kisingizio kabla sijazaliwa.

Vidole, je? Vyangu vimekomaa kwa kubeba maboksi ghalani. Nikaja kusoma kwamba Yoshizawa mwenyewe aliingia kazi ya kiwandani akiwa na miaka 13, na alipopewa jukumu la kuwafundisha vijana jiometri, aliwafundishia karatasi za kukunja. Mzee huyu alikuwa amenizibia kila njia.

Nikabaki na methali. "Samaki mkunje angali mbichi," nikatangaza, "mimi nimeshakauka, mkinikunja nitavunjika." Mama Zuhura alikuwa pembeni anafunga sambusa, na mtoto wa Tanga huyo hajawahi kuacha pembe wazi, maana manda haisamehi: pakiachwa tundu, mafuta yanaingia na nyama inatoka. Akafuta mikono, akachukua karatasi, akafuata mishale huku akiongea na dada yake kwenye simu. Korongo akasimama, shingo juu, mkia nyuma. Na mimi na yeye tumezaliwa mwaka mmoja.

Usiku, katika kumsoma adui yangu, nikagundua kuwa hata methali yangu alikuwa ameifikia. Yoshizawa alikuwa akilowesha karatasi kidogo, akaikunja ikiwa mbichi, nayo ikikauka inashika umbo lenye mviringo, kama mnyama aliye hai. Nikaona mlango umefunguka. Nikachukua chupa ya kunyunyizia maji nguo za kupiga pasi, nikainyunyizia karatasi ya shule mpaka ikakolea.

Karatasi ya mzee ilikuwa nene. Ya shule ni nyembamba, na rangi yake haikuwa na nia ya kukaa. Nyekundu ilishuka vidoleni, ikapita kitambaa cha meza, ikaishia kwenye shati langu la kazini. Korongo akageuka uji. Jumatatu ghalani, mwenzetu mmoja wa Indonesia, ambako bibi harusi hupakwa hina kama kwetu, alizitazama ncha za vidole vyangu akanipa hongera ya ndoa. Salamu hizo sikuzifikisha nyumbani.

Mwishowe alipatikana korongo mmoja wa kwangu aliyekubaliwa. Zuhura alimtunga katikati ya uzi, amebanwa juu na chini na watoto wa watu wanaojua kukunja, na kwa kubanwa huko akanyooka. Wakasafiri naye.

Hiroshima hupokea korongo wapatao milioni 10 kila mwaka, uzito wa tani 10 hivi, na karatasi zao hutengenezwa upya. Huenda siku moja ya kwangu ikarudi dukani ikiwa safi, ikaangukia mikononi mwa baba mwingine jioni ya kuamkia ziara. Huyo atakuwa na bahati niliyoikosa mimi. Akiambiwa amekunja kuku, ataweza kujibu bila kusema uongo kwamba karatasi hii ilishaharibiwa na mtu kabla yake.